Jinsi ya kupanga likizo na sikukuu kwenye kalenda ya shule ya umma

Kamati ya kalenda ikikutana, wa kwanza kunyoosha mkono huuliza swali lile lile: likizo ndefu ni wiki ngapi? Miaka yangu mitatu ya mwanzo nami nilianzia hapo. Tuligawa likizo kwanza, kisha tukashindilia masomo kwenye nafasi zilizobaki kama nguo kwenye sanduku lililojaa. Mwaka mmoja tukatoka na muhula wa wiki 13 usio na pumziko hata moja, na mwingine uliokatwakatwa na sikukuu hadi mwalimu wa hesabu akakaa na mada moja wiki tano. Jumla ya siku za masomo ilitimia barabara. Mkaguzi asingepata pa kushika.

Tangu hapo nafanya kinyume. Napanga vipande vya masomo, yaani zile wiki zilizo kati ya pumziko moja na jingine, na likizo hujipatia mahali pake. Huu ndio utaratibu ninaoufuata.

Andaa kalenda kubwa ya ukutani ya mwaka mzima, penseli, kalamu za rangi tatu, orodha ya sikukuu za umma, tarehe za mitihani ya taifa na madaftari ya mahudhurio ya mwaka uliopita. Kompyuta iache kwanza. Ukianza na jedwali la kompyuta utaona namba tu. Ukutani unaona umbo la mwaka.

Hatua ya 1: Jua una siku ngapi za kugawa

Mwaka wa kawaida una siku 260 au 261 za Jumatatu hadi Ijumaa. Chukua 260. Toa siku za masomo zinazodaiwa na sheria au waraka wa nchi yenu. Shule za umma za Uingereza kwa kawaida zina siku 190 za wanafunzi na 5 zaidi za walimu peke yao. Majimbo mengi ya Marekani yanadai 180. Tuseme kwenu ni 190. Zimebaki 70.

Hizo 70 si za likizo zote, na hapa ndipo wengi hujidanganya. Kama sikukuu za umma zinazoangukia siku za kazi ni 11, toa, zinabaki 59. Toa 5 za walimu kusahihisha, kuandaa na kupata mafunzo: 54. Toa 4 za akiba, nitazieleza mbele: 50. Basi mfukoni una siku 50, sawa na wiki 10.

Kwa mihula mitatu mimi huzigawa hivi: wiki 4 mwisho wa mwaka wa masomo, wiki 2 baada ya muhula wa kwanza na 2 baada ya wa pili. Hizo ni siku 40. Kumi zilizobaki: siku 3 za mapumziko katikati ya kila muhula, na moja nabaki nayo mkononi. Shule inakuwa na wiki 44 za kufunguliwa, kila muhula wiki 14 au 15, na pumziko la katikati linaukata kwenye vipande viwili vya wiki saba hivi. Hiyo saba iweke akilini.

Kosa moja ambalo nimelikuta hata kwa watu wazoefu: sikukuu iliyo ndani ya likizo huhesabiwa mara mbili, mara kama sikukuu, mara kama siku ya likizo. Ikiwa sikukuu 4 kati ya zile 11 ziko ndani ya likizo, umeokota siku 4. Usizipoteze.

Hatua ya 2: Weka visivyosogea

Kwa kalamu nyekundu weka mitihani ya taifa, sikukuu za tarehe moja kila mwaka, na siku za uchaguzi kama madarasa hugeuzwa vituo vya kupigia kura. Hapa hakuna mjadala, endelea.

Hatua ya 3: Weka vinavyosogea, tena kwa miaka mitatu

Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, kwa hiyo Idi zote mbili hurudi nyuma kwa siku 10 hadi 12 kila mwaka kwenye kalenda ya kawaida. Pasaka ya makanisa ya Magharibi hucheza kati ya Machi 22 na Aprili 25, na Ijumaa Kuu, siku mbili kabla yake, husogea pamoja nayo. Diwali huangukia Oktoba au Novemba. Mwaka mpya wa Kichina huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20.

Wengi hunakili kalenda ya mwaka uliopita na kubadilisha tarehe. Angalia kinachotokea. Mwaka 2026 Idi el-Fitri ni kwenye Machi 20 na Pasaka Aprili 5, wiki mbili na kidogo. Mwaka 2027 Idi inatarajiwa karibu na Machi 10 na Pasaka ni Machi 28, bado ziko jirani. Mpangaji anazoea: Idi na Pasaka huja pamoja, kwa hiyo likizo fupi huwekwa hapo. Mwaka 2028 Idi inatarajiwa mwisho wa Februari na Pasaka ni Aprili 16. Zimeachana kwa wiki saba! Likizo iliyokuwa ikibeba sikukuu zote mbili sasa inabeba moja, na nyingine inakata muhula katikati. Ndiyo maana nachora miaka mitatu kwa pamoja, hata kama inayoidhinishwa ni mmoja. Na anayependa kutazama mbali zaidi: mwaka 2030 Ramadhani inatarajiwa kuanza mara mbili, mapema Januari na tena mwishoni mwa Desemba.

Sasa suala la mwezi kuandama, ambalo lilinifunza kwa uchungu. Mwaka mmoja niliandika kwa mkono wangu mwenyewe mtihani wa sayansi siku ya Alhamisi, kwa kuwa Idi ilitarajiwa Jumatano. Jumanne jioni mwezi haukuonekana. Saa mbili usiku simu ikaanza kulia. Karatasi zilikwisha kufungwa kwenye bahasha, wasimamizi walikwisha kusafiri, na Alhamisi ndiyo imekuwa sikukuu. Tukausukuma mtihani hadi Ijumaa, siku iliyokuwa tayari na mtihani wa lugha asubuhi. Watoto walikaa chumba cha mtihani hadi saa kumi jioni, na waliokaa nyuma kabisa walikuwa wameinamisha vichwa kwenye madawati kabla karatasi ya pili haijagawiwa.

Siku hizi kila sikukuu ya mwezi naizungushia duara la siku tatu: inayotarajiwa, ya kabla yake na ya baada yake. Ndani ya duara hakuna mtihani, hakuna mkutano wa wazazi, hakuna safari ya kimasomo. Na kama Ramadhani iko ndani ya muhula, michezo na mitihani mizito naiweka asubuhi.

Hatua ya 4: Kata vipande vya masomo

Hii ndiyo kazi yenyewe. Chukua penseli, hesabu wiki kutoka kila pumziko hadi linalofuata, na uandike namba hiyo juu ya kila kipande. Ninalenga wiki 6 hadi 8. Chini ya 4, mwalimu hajamaliza kuwarudisha watoto kwenye mstari ndipo kengele ya kufunga inagonga. Zaidi ya 9, utaona mwenyewe kwenye madaftari ya mahudhurio: utoro unapanda, walimu wanaugua, na ofisi ya nidhamu inapata foleni.

Kanuni ya namna hii si ya kwangu peke yangu. Ufaransa kwa miaka mingi imelenga wiki kama saba za masomo zikifuatwa na mbili za mapumziko, na imegawa nchi kanda tatu ili likizo za majira ya baridi na ya kuchipua zisianguke siku moja nchi nzima. Kwa upande mwingine tuna somo la Kenya baada ya korona. Ili kufidia muda uliopotea, mihula na likizo vilibanwa kuanzia 2021, na kalenda ikarudi kuanza Januari mwaka 2023. Novemba 2021, baada ya wimbi la moto kwenye mabweni ya sekondari, serikali ilitangaza mapumziko mafupi ya katikati ya muhula. Sisemi likizo ndiyo chanzo na tiba ya kila kitu. Ninachosema ni kwamba ukiondoa pumziko kwenye karatasi, usishangae likidaiwa kwa njia nyingine.

Vipi kuhusu likizo ndefu? Mwaka 1996 Harris Cooper na wenzake walikusanya tafiti 39 za Marekani wakakuta kwamba wanafunzi hurudi kutoka likizo ndefu ya kiangazi wakiwa nyuma kwa takriban mwezi mmoja, na hesabu huathirika kuliko kusoma. Tafiti za baadaye zimebishana kuhusu ukubwa wa pengo hilo, lakini mwalimu yeyote wa darasa la tatu anayeuliza jedwali la saba siku ya kufungua shule anajua kuna kitu kimevuja. Kwa hiyo wiki za ziada zikipatikana, mimi huziongeza kwenye mapumziko mafupi, si kwenye likizo ndefu. Wazazi hulalamika mwanzoni. Wenye kulipia usafiri wa watoto wa bweni wana haki ya kulalamika: kila pumziko ni nauli ya kwenda na kurudi. Kwa shule za bweni basi, punguza idadi ya mapumziko na uyape siku nyingi zaidi, maana siku tatu zinaweza kuisha mtoto akiwa njiani.

Hatua ya 5: Tafuta siku yatima, kisha hesabu Jumatatu

Siku yatima ni ile Ijumaa iliyobaki peke yake kati ya sikukuu ya Alhamisi na Jumamosi, au Jumatatu iliyobanwa na sikukuu ya Jumanne. Kwenye orodha inahesabiwa siku ya masomo. Darasani wamo watoto kumi na wawili, na mwalimu anawapa kuchora. Ile siku moja niliyobaki nayo mkononi kwenye hatua ya kwanza ni ya hapa: ifunge. Kama siku yatima ni mbili au tatu, zipe kazi ya siku za walimu. Wanafunzi hawaji, walimu wanasahihisha, na hujapoteza kitu.

Kisha hesabu siku za wiki kila moja peke yake. Sikukuu nyingi husogezwa Jumatatu au hutengenezwa kwa ajili ya Jumatatu. Mwaka mmoja tulikuta muhula wenye Jumatatu 9 na Jumatano 14. Kidato kilichokuwa na vipindi viwili mfululizo vya maabara kila Jumatatu kilikuwa kimenyang'anywa vipindi kumi bila mtu kuamua. Dawa ni rahisi: chagua Jumatano mbili tatu zitakazofuata ratiba ya Jumatatu, na uziandike kwenye kalenda tangu mwanzo wa mwaka. Ukitangaza kwa ghafla asubuhi mstarini, nusu ya darasa itakuwa na madaftari yasiyo yake.

Hatua ya 6: Sikukuu ambazo si za taifa

Hapa pana joto. Kila jamii ina siku yake, na shule ya umma ni ya wote. Mimi sijadili siku ya nani ni kubwa. Nafungua daftari la mahudhurio na la walimu: siku hiyo mwaka jana walikuja wangapi, na walimu wangapi waliomba ruhusa? Shule hufungwa kwa sababu siku hiyo haifundishiki. Jiji la New York liliingiza Idi zote mbili kwenye kalenda ya shule zake za umma kuanzia mwaka wa masomo wa 2015–2016, likiwa na wanafunzi wengi wa Kiislamu ambao awali walilazimika kuchagua kati ya sala na darasa.

Kama waliokosa kuja ni wachache, shule inabaki wazi, lakini siku inapewa alama ya kijani. Maana ya kijani: hakuna jaribio, hakuna mada mpya, na aliyekosa haandikwi mtoro. Tahadhari moja: madaftari hayasemi kila kitu. Mtoto aliyekuja shuleni siku ya sikukuu yake kwa kuogopa adhabu ameandikwa "yupo". Waulize wazazi kabla hujafunga hesabu.

Hatua ya 7: Siku za akiba

Mafuriko, mlipuko wa ugonjwa, paa kung'olewa na upepo. Weka siku 4 na uziweke karibu na mwisho wa muhula wenye hali mbaya ya hewa, siyo zote mwisho wa mwaka, maana zikitumika baada ya mitihani ni siku za jina tu. Andika mapema nini kitafanyika zisipotumika. Kwetu zinageuka mapumziko, na walimu wanalijua hilo, kwa hiyo hakuna anayezitamani zitumike ovyo.

Hatua ya 8: Wape wengine waitoboe

Rasimu usiipeleke kwa wakuu wa shule kwanza. Mpe mpishi, dereva wa basi la shule, mhasibu, na mzazi mwenye watoto msingi na sekondari. Mzazi huyo ataona kwa dakika moja kwamba mapumziko ya shule mbili yameachana kwa wiki, na kwamba mtoto wa darasa la pili atabaki nyumbani peke yake. Mpishi wetu ndiye aliyegundua kwamba tulikuwa tunafungua shule siku moja baada ya sikukuu: nani angewasha jiko alfajiri, na mboga zingenunuliwa soko gani?

Ukishasahihisha, chapisha. Sikukuu za mwezi ziandike pamoja na maneno "kutegemea mwandamo", na chini yake ueleze mambo mawili: tangazo litatolewa kwa njia gani na kabla ya saa ngapi usiku, na siku ikisogea ni kipi kinasogea nayo. Sisi tumeandika saa tatu usiku, kwa ujumbe wa simu kwa kila mzazi, na ratiba ya siku iliyoliwa inahamia Jumamosi ya pili inayofuata, nusu siku, bila sare.