Meseji ipi itamleta mama kliniki? Namna ya kupima SMS mbili za kukumbusha chanjo

Ukiuliza watu kumi ofisini meseji ipi inavutia zaidi, utapata majibu kumi, na hakuna hata moja litakalokuambia mama atafanya nini meseji ikiingia kwenye simu yake. Ni lazima upime. Hapa tunatumia mfano wa chanjo ya surua ya miezi 9, lakini hatua ni zilezile kwa marejesho ya mkopo au mkutano wa wazazi.

Kwanza andika meseji unayoituma sasa, halafu ya pili inayotofautiana nayo kwa jambo moja tu.

A: "Mama Neema, chanjo ya surua ya miezi 9 ni Jumanne tarehe 14, saa 2 asubuhi. Njoo na kadi ya kliniki."

B: hiyohiyo, kisha iongezewe "Dozi ya Neema tumeshaitenga."

Wazo la B halikutoka hewani. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2021, watafiti walilinganisha meseji 19 za chanjo ya mafua kwa wagonjwa zaidi ya 47,000, na iliyofanya vizuri kuliko zote ilimwambia mtu kwamba chanjo yake imewekwa kwa ajili yake. Lakini kilichofaa kule si lazima kifae Kilifi au Dodoma, ndiyo maana tunapima.

Na lazima liwe kweli. Chanjo ya surua mara nyingi huja katika vichupa vya dozi 10, na kichupa kikishachanganywa kinatakiwa kutupwa ukipita muda wa saa 6. Kwa hiyo wauguzi wengi husubiri watoto watimie ndipo wafungue. Mama aliyeambiwa dozi imetengwa, akafika na kurudishwa kwa sababu watoto ni wachache, hataiamini meseji yako tena. Kubalianeni na muuguzi kabla: siku hiyo kichupa kitafunguliwa hata kwa mtoto mmoja. Kama haiwezekani, B isitumwe.

Hesabu herufi. SMS moja hubeba 160. A ina 100, B ina 129, zote zinaenea. Tatizo hujitokeza kwenye ritifaa (alama ya ' katika ng'): ukinakili jina kama Ng'ang'a kutoka programu ya kuandikia, ritifaa iliyopinda huibadilisha meseji nzima na nafasi hushuka hadi herufi 70. Meseji ya herufi 140 hapo hukatwa vipande 3, nawe unalipia vyote. Andika ritifaa iliyonyooka, na emoji ziache kabisa. Saa nayo iandike kwa maneno ya mama, "saa 2 asubuhi", si 8:00.

Sasa kuwagawa, hatua inayoharibiwa kuliko zote. Usiwape A nusu ya kwanza ya rejista na B nusu ya pili, kwani walioandikwa mwanzo mara nyingi ndio wanaowahi. Usigawe kwa siku ya kliniki, maana siku ya soko ina watu wake, wala kwa herufi ya kwanza ya jina, kwa sababu majina hufuata kabila na dini. Piga kura, yaani gawa kwa bahati nasibu. Kwenye Excel, weka =RAND() kando ya kila mama, nakili safu hiyo na uibandike kama thamani tu, bila fomula (usipofanya hivyo namba zitabadilika kila unapogusa jedwali), panga kwa namba hizo, kisha nusu ya juu iwe A. Mwenye mapacha ana mstari mmoja. Familia zinazotumia simu moja ziwe kundi moja.

Unahitaji watu wangapi? Ikiwa sasa nusu ya akina mama hufika, na unataka kuona ongezeko la pointi 10 (kutoka asilimia 50 hadi 60), tafuta kama 400 kwa kila kundi. Kwa pointi 5 utahitaji karibu 1,600. Wenye akina mama 60 wasifanye jaribio hili. Watumie muda huo kuwapigia simu.

Tuma zote saa ileile, siku moja kabla. Anayejaza rejista ya chanjo asijue nani alipata ipi. Hesabu waliochanjwa ndani ya siku 14, si waliojibu meseji. Gawa kwa wote uliowapangia, hata ambao simu zao zilikuwa zimezimwa: ukiwatoa, umeivunja kura uliyopiga. Na usichungulie matokeo siku ya tatu ukasimamisha jaribio kwa sababu B inaongoza.

Tuseme A walifika 208 kati ya 400, yaani asilimia 52, na B 244, asilimia 61. Tofauti ni pointi 9. Kwa kila kundi zidisha waliofika na wasiofika kwa desimali, ugawe kwa 400: 0.52 × 0.48 ÷ 400, na 0.61 × 0.39 ÷ 400. Jumlisha, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 1.96. Unapata kama 0.068, yaani pointi 6.8. Zitoe kwenye 9, kisha zijumlishe kwenye 9: faida ya kweli basi inaweza kuwa popote kati ya pointi 2 na 16. Kama upande wa chini ungevuka sifuri, usingekuwa na haki ya kusema B imeshinda.

Faragha ipange kabla ya kutuma. Omba ridhaa wakati wa kuandikisha namba, na uandike simu ni ya nani, kwa sababu "Mama Neema" huenda ikaingia kwa baba. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Kwa magonjwa yenye unyanyapaa, usitaje kitu. Katika jaribio la Kenya lililochapishwa 2010, wagonjwa wa VVU walitumiwa neno moja kila wiki, "Mambo?", wakajibu "Sawa" au "Shida". Waliotumia dawa ipasavyo walikuwa 168 kati ya 273, dhidi ya 132 kati ya 265 wasiotumiwa.

Usiongeze idadi ya meseji ukidhani ndiyo nguvu. Jaribio jingine la Kenya, la 2011, lilikuta za kila wiki zinasaidia kunywa dawa, za kila siku hazisaidii. A na B zikilingana, baki na A, iliyo fupi, na raundi ijayo pima siku ya kutuma: moja kabla, au tatu.