Taa za mbele zikigeuka njano: nilivyozirudisha za Toyota IST yangu baada ya kuharibu mara ya kwanza

IST yangu ni ya 2004 na inalala nje, maana nyumba ninayopanga hapa Tanga haina hata mwembe. Usiku mmoja nikitoka Muheza kurudi mjini, nilimwona mwenye baiskeli nikiwa nimeshamfikia. Nilikanyaga breki, yeye akaingia kwenye majani, kisha akanitukana matusi yote anayoyajua. Sikumjibu, angekuwa baba yangu ningemsaidia kutukana. Asubuhi nikachuchumaa mbele ya gari. Taa zilikuwa njano kama dumu la mafuta ya alizeti, na sehemu ya juu, inayotazamana na jua, ndiyo iliyochoka zaidi.

Tunasema "kioo cha taa" kwa mazoea tu. Peugeot 504 aliyokuwa nayo mzee wangu ilikuwa na kioo kweli, na hakikuwahi kugeuka njano. Gari za miaka hii zina plastiki ngumu iitwayo polikaboneti: kokoto haiipasui kirahisi, lakini jua inaliogopa. Kwa hiyo kiwandani huipaka utando mwembamba wa kuikinga. Ile njano na magamba unayoyaona ni utando huo umekufa.

Kabla hujanunua chochote, mwagia taa maji uitazame ikiwa imelowa. Iking'aa, ugonjwa uko nje na msasa utautibu. Ikibaki na ukungu, au ukiona matone kwa ndani, maji yanaingia kwenye ufa au kwenye maungio, na utasugua mpaka mkono uvimbe bila faida. Chungulia pia ile bati ya ndani inayong'aa. Kama imebabuka, mara nyingi kuna mtu aliweka balbu kali kupita kiasi. Balbu ya kawaida ya aina ya H4 ni wati 60 kwa mwanga wa mbali na 55 kwa mwanga wa karibu. Ya wati 100 inachoma nyumba ya taa.

Dawa ya meno? Inasugua kidogo, inapendeza wiki mbili tatu, basi. Ile dawa ya mbu ya kupaka yenye kemikali ya DEET ndiyo ya kukimbia kabisa. Taa inang'aa kwa sababu plastiki imeyeyuka juu. Thina nayo ni vilevile: jirani yangu aliifutia taa, ikapata nyufa ndogondogo kama utando wa buibui, na nyufa hizo hazitoki.

Mimi nilinunua msasa wa maji namba 800, 1000, 1500 na 2000, tepu ya karatasi, spiriti, na chupa ya kupulizia niliyotia maji na matone ya sabuni ya vyombo. Osha taa kwanza. Halafu bandika tepu kuzunguka taa yote, kwenye bampa na boneti, mara mbili. Mara moja haitoshi. Bampa langu lina alama ya kuthibitisha.

Namba 800 ni kwa taa yenye magamba tu. Vinginevyo anza na 1000. Loweka msasa, puliza maji kila wakati, sugua kwa kwenda kushoto na kulia. Tazama maji yanayochuruzika: mwanzoni ni ya njano, mazito kama uji wa mtoto. Usibadilishe msasa mpaka yatoke meupe. Hapo ndipo wengi wanapochoka na kuharibu kazi, kwani utando wa zamani ukibaki mabaka, mabaka hayo utayaona milele. Namba inayofuata sugua kwa kwenda juu na chini, ili mikwaruzo ya mwanzo ijionyeshe kama bado ipo. Taa itakuwa nyeupe kama kioo cha dirisha la choo. Usiogope.

Sasa kosa langu. Mara ya kwanza nilifika 2000, nikapiga polishi ya kukata kwa mkono mpaka taa zikawa kama za gari jipya, nikapiga picha, nikalala. Miezi minne baadaye njano ilikuwa imerudi. Nilikuwa nimeivua taa nguo yake ya mwisho nikaiacha uchi juani.

Kwa hiyo chagua kabla hujafika mwisho wa msasa. Ukitaka polishi, malizia na 2000, ipige polishi, kisha paka nta yenye kinga ya jua, na uirudie kila baada ya miezi miwili. Ukitaka idumu, ishia 1500, usiguse polishi, upulize klia, yaani vanishi angavu ya gari, yenye kinga ya jua, maana klia haishiki juu ya kitu kilicholainishwa sana. Futa kwa spiriti, acha ikauke, usiiguse tena kwa vidole.

Mimi nilichagua klia, ile inayochanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha. Moshi wake ni mbaya kwa mapafu. Vaa barakoa ya fundi rangi, siyo ya kitambaa, fanyia kazi mahali pa wazi na watoto wawe mbali. Nilianza saa mbili asubuhi, kabla ya upepo wa bahari na kabla bodi haijapata moto. Puliza mkono mwepesi, subiri kama dakika kumi au kadiri kopo linavyosema, rudia mara mbili. Tepu itoe kabla klia haijakauka kabisa, la sivyo itabanduka nayo. Gari lilikaa siku nzima bila kuoshwa.

Taa iliyopasuka usipoteze muda nayo, nunua nyingine. Ila angalia isiwe ya gari la nchi ambako magari hupita upande wa kulia wa barabara, itawapiga machoni wanaokuja mbele yako.

Siku hizi naegesha pua ikitazama ukuta. Taa ya kushoto niliipuliza kwa haraka, ina tone moja limeganda kama jasho. Liko palepale, na barabara ya Muheza naiona yote.