Timu yako imepoteza fainali? Hivi ndo unavyoivuka hiyo wiki

Haya ninayoandika sijayasoma mahali, nimeyapitia. Jumapili ya tarehe 25 Mei 2025 nilikuwa nimebanana kwenye benchi la kibanda umiza, jezi nyekundu mwilini, Simba na RS Berkane ya Morocco, marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, pale New Amaan Zanzibar. Kule Morocco tulishapigwa 2-0, na zote mbili ziliingia ndani ya robo saa ya kwanza, lakini imani ilikuwepo kubwa tu, maana Aprili Al Masry walitupiga hizohizo mbili kwao Misri tukazirudisha zote kwa Mkapa tukawatoa kwa penati. Mutale akafunga dakika ya 17, mabati ya kile kibanda yalilia kama mvua ya masika. Halafu kipindi cha pili Kagoma wetu akala kadi nyekundu, Mukwala wetu akatia wavuni VAR, ile video ya marefa, ikakataa, tukabaki tunapigana kumi, na dakika za nyongeza Sidibé wa Berkane akasawazisha. 1-1, jumla 3-1, kombe likaenda.

Pembeni yangu kulikuwa na mtoto wa miaka kama tisa, na baada ya lile goli bado alikuwa anauliza, tukifunga mbili sasa hivi tunachukua? Watu wazima zaidi ya arobaini mle ndani na hakuna aliyemjibu. Nitamrudia huyu mtoto, maana naye yumo kwenye maelekezo.

Kitu cha kwanza, filimbi ikilia usinyanyuke. Kaa hapohapo dakika tano au kumi, acha wale wanaosukumana mlangoni watoke, acha wanaopiga teke viti wapige. Ukitoka na presha ile ndo unamkanyaga mtu, unajibizana na mpita njia, ugomvi ambao hata mpira haumo ndani yake. Kama ulikuja na pikipiki, iache au mpe mwenzako ambaye hakuwa anaangalia gemu, we rudi kwa miguu. Nasema kwa uzito kabisa hili, mtu aliyefungwa fainali anaendesha kama hana watoto nyumbani.

Ukiwa njiani zima data. Sio kwa sababu ya watani tu, watani utakutana nao hata bila simu, ni kwa sababu yako wewe na vidole vyako. Usiku ule grupu letu lilijaa matusi kwa kijana aliyepewa kadi, watu wazima wenye familia wanamtukania mama yake mchezaji ambaye msimu mzima ndo alikuwa anatuzibia pale katikati, na walewale wiki mbili nyuma walikuwa wanaweka picha yake status. Neno la usiku wa kufungwa halifutiki hata ukilifuta, kuna mtu ameshapiga skrinshoti. Kama lazima useme, mpigie simu mtu mmoja wa timu yako mwenye moyo mpana, muongee nusu saa, mlaumu refa, mlaumu VAR, mlaumu kocha kuchelewa kufanya sabu, yote yaishie humohumo.

Na mkeka wa kubeti usiguse. Najua ile akili inayokuja saa tatu usiku, kwamba kuna mechi Ulaya za kufidia hela uliyoiwekea timu. Pesa ya kufidia maumivu inatoka mfuko mmoja na ada ya shule, na usiku huo huna macho ya kuona hilo. Zima tu simu nzima ikibidi.

Nyumbani, kula. Hata kama huna hamu. Wengi wetu tunaingia ndani tumenuna, chakula kinapoa mezani, mama watoto anauliza tunamkata, kwani yeye ndo alipiga ile pasi mbovu? Mwambie kwa kinywa chako, leo tumefungwa na imeniuma, nipe muda kidogo. Sentensi moja hiyo inaokoa nyumba nzima. Mi nilipoisema nilishangaa, alinyamaza akaniwekea maji ya kuoga.

Sasa watoto. Kama una mtoto anayeshabikia nawe, huyo usimuache alale bila kuongea naye. Sisi tuna mechi nyingi nyuma za kulinganisha, yeye hana, kwake hii ndo ya kwanza na anadhani kuna kitu kimevunjika. Usimdanganye kwamba tumeibiwa, ataenda shule kesho na hasira isiyo yake. Mwambie ukweli, wale jamaa mechi zote mbili ukizijumlisha walikuwa bora, sisi tulipigana, na kufika fainali ya Afrika sio kitu cha kila mwaka. Yule wa kibandani nilimfuata nje nikamjibu swali lake, nikamwambia hapana, hata tungefunga zote mbili kwa dakika zile zilizobaki zingetupeleka kwenye sare ya jumla tu. Akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa, akaondoka anatembea taratibu. Nadhani lililokuwa linamsumbua ni kutojibiwa kuliko hata lile goli.

Jumatatu asubuhi ndo sehemu ngumu na hapa watu wengi wanakosea, wanajificha. Mtu anapitia njia ya nyuma ili asikutane na mashabiki wa Yanga, wengine wanaomba ruhusa kazini kabisa. Usifanye hivyo. Utani wa Simba na Yanga ni deni, na deni ukilikimbia linazaa riba. Juni 2023 Yanga walipoteza fainali ya kombe hilihili kwa USM Alger, walifungwa 2-1 hapa kwa Mkapa, wakaenda Algiers wakashinda 1-0, jumla 2-2, kombe likawapita kwa sheria ya goli la ugenini tu, wenzao walifunga mawili ugenini na wao moja, yaani walikufa kiume. Na sisi hatukuwahurumia hata kidogo. Mi mwenyewe wiki nzima nilikuwa nasimama mbele ya kibanda cha fundi viatu jirani yangu, Yanga damu, namuuliza kombe litafika lini nije na familia kupiga picha.

Kwahiyo Jumatatu ile nilijipeleka mwenyewe. Nilivaa shati la kawaida, jezi usivae siku hiyo, inaonekana kama unatafuta ugomvi. Nikafika kibandani kwake saa mbili, akaniangalia, akavuta stuli, akaifuta vumbi na kile kitambaa chake cha kiwi akasema, kaa kaka, mpaka saa nne sisemi kitu. Na kweli hakusema. Akashona soli, tukanywa chai, akaniuliza mama yangu anaendeleaje na mguu. Saa nne ilipogonga akaanza, na alianza kweli, ya 2023 yote yalirudi na faida juu, wateja wake wakaongezea, nikacheka ile ya kulazimisha, baadae nikacheka yenyewe. Nilipoondoka pale kifua kilikuwa chepesi kuliko jana yake.

Sheria za kupokea utani ni chache. Mtani akitaja matokeo, kubali, usianze kueleza VAR, ukieleza umekwisha. Jibu moja zuri linatosha kwa siku nzima. Ila utani una mpaka wake, akigusa familia, kabila au maradhi huyo sio mtani, ondoka bila kujibu na usirudi pale wiki hiyo.

Marudio usiangalie mpaka Jumatano au Alhamisi, na ukiangalia usianze na hailaiti, hailaiti zinakurudishia kidonda bila kukuelewesha. Tafuta mechi nzima ya kwanza, ile ya kule Morocco. Mi nilipoiangalia ndo nikaelewa kwamba fainali hatukuipotezea Zanzibar wala kwenye ile kadi. Tuliipotezea dakika 15 za mwanzo kule kwao, kabla hata hatujatulia tuko chini mbili. Baada ya hapo kila kitu ilikuwa kukimbiza, na timu inayokimbiza ndo inayopata kadi, ndo inayochoka dakika za mwisho. Ukishaona hivyo hasira yako kwa mchezaji mmoja inaisha yenyewe.

Halafu usipange kupona kwa mechi inayofuata. Wengi tulisema sawa, tutajifuta machozi na kombe la ndani, na Jumamosi ileile, tarehe 31 Mei, Singida Black Stars wakatutoa nusu fainali 3-1. Makombe mawili ndani ya siku saba. Waliokuwa wameweka moyo wao wote kwenye ile mechi walianza msiba upya, sisi wengine iliuma lakini tulikuwa tumeshasimama.

Kama una mzee wa timu yako karibu, mtembelee wiki hiyo. Nilienda kwa mzee mmoja mtaani kwetu ambaye mwaka 1993 alikuwepo uwanjani, Simba na Stella Abidjan, fainali ya Kombe la CAF, tumetoka suluhu 0-0 kwao, kombe tunaliona kabisa hili hapa, wakaja wakatupiga 2-0 nyumbani Dar es Salaam mbele ya uwanja umejaa. Shikamoo mzee, marahaba, nikamuuliza ilichukua muda gani kuisahau. Akasema hajaisahau. Akasema alirudi Ilala kwa miguu siku ile na mwezi uliofuata alilipa kadi yake ya uanachama kama kawaida, basi, hakuna kingine alichofanya.

Ikipita wiki mbili tatu bado hulali, huli, au umemnyanyulia mkono mtu wa nyumbani kwako, hapo mpira ni kisingizio tu, kuna jambo jingine. Mwambie mtu unayemuamini, au nenda hospitali uongee na mtaalamu, hakuna aibu yoyote.

Na jezi usiitupe uvunguni na jasho la siku ile, itanuka na itaoza. Mwisho wa wiki itoe, igeuze ndani nje, loweka maji baridi na sabuni kidogo, fua kwa mkono bila kukamua sana, anika kivulini. Juani zile namba za mgongoni zinabanduka, na msimu mpya unakuja.