Somo: Jinsi hewa ya kale inavyosomwa kwenye mche wa barafu

Mfano wetu ni Dome C, kilele cha barafu huko Antaktika. Watafiti wa Ulaya walianza kuchimba hapo 1996, na kufikia 2004 walikuwa wameshuka zaidi ya mita 3,200, kwenye barafu ya miaka 800,000.

Hatua ya 1: Kuchimba. Kekee yake ni bomba lenye meno mdomoni. Likizunguka linabakiza mche katikati, mnene kama sentimita 10. Fikiria mche wa sabuni ya kufulia, ila wa mviringo. Kila mshuko hutoa mita chache tu, kisha bomba lote linavutwa juu. Shimo hujazwa kimiminika kisichoganda, la sivyo barafu inalibana.

Hatua ya 2: Kuandika alama ya juu na chini. Usicheke. Mche ukigeuzwa, karne zimepinduka.

Hatua ya 3: Kupima maji. Oksijeni iliyo ndani ya maji ina aina nyepesi na nzito. Zama za baridi kali, ile nzito hudondoka mapema mawingu yakiwa njiani, kwa hiyo theluji inayofika Antaktika huwa na upungufu zaidi wa ile nzito. Hicho ndicho kipimajoto chetu.

Hatua ya 4: Mapovu. Utamu uko hapa. Mwaka 1965 Mfaransa Claude Lorius alitia kipande cha barafu ya kale kwenye wiski, akaona mapovu yakipasuka, akajua ile ni hewa ya zamani. Maabara haina wiski: kipande hupondwa ndani ya chombo kilichonyonywa hewa yote, kinachotoka ndicho kinachopimwa. Kwa miaka yote 800,000 hewa ukaa haikuvuka sana 300 katika kila milioni. Leo imepita 420.

MASWALI

Mwalimu, povu na barafu yake vina umri mmoja?
Hapana. Theluji hubaki na vitundu hadi karibu mita 100 chini, hewa ikipita. Povu linafungwa baadaye, hivyo hewa ni changa kwa mamia au hata maelfu ya miaka.

Mbona wasichimbe Kilimanjaro kwetu?
Walichimba, 2000, mtafiti Mmarekani Lonnie Thompson na wenzake, miche sita. Ya chini kabisa waliikadiria miaka 11,700. Shida ni kuyeyuka: maji yakipenya, hewa inaharibika.

Kuna barafu ya zamani kuliko ile ya Dome C?
Ipo. Januari 2025, Little Dome C, jirani na Dome C, watafiti wa Ulaya walifika mita 2,800: miaka milioni 1.2 au zaidi.

Inanyweka?
Ya kina kirefu imeoga kimiminika cha jamii ya mafuta ya taa. Mimi simo.