Kuweka ramani za kontua za bure kwenye GPS ya mkononi

GPS ya mkononi huja na ramani yake tangu dukani, ila ni ramani ya dunia nzima iliyochorwa kwa mistari michache sana. Ukiwa Lushoto itakuonyesha jina la mji na barabara kubwa, basi. Milima ya Usambara haimo, mabonde hayamo, na njia ya miguu ya kutoka Magamba kwenda Rangwi ni kama haijawahi kukanyagwa na mtu. Wengi hubaki hivyo miaka nenda rudi, kifaa cha laki kadhaa wakikitumia kama dira, wakiamini kwamba ramani yenye kontua, yaani mistari inayoonyesha mwinuko wa ardhi, lazima inunuliwe. Si lazima. Zipo za bure, ni nzuri, na mtu asiye fundi wa kompyuta anaweza kujiwekea mwenyewe kwa jioni moja.

Kazi yangu ni kuongoza watafiti wa misitu na watembea milima huku Usambara Magharibi, kwa hiyo mifano yangu ni ya huku. Utaratibu haubadiliki ukiwa Uluguru, Aberdare au Rwenzori. Nitaeleza vifaa vya kampuni ya Garmin, kama eTrex na GPSMAP, kwa sababu ndivyo ninavyovishika kila wiki.

Hatua ya 1: Hakikisha kifaa kinapokea ramani

eTrex 10 haina sehemu ya kuweka kadi na haikutengenezwa kuongezewa ramani. Ukikuta inauzwa bei poa mtandaoni, jua hilo kabla hujatuma pesa. eTrex 20, 20x, 22x, 30, 30x na 32x zinapokea, na GPSMAP 64 pia. Kwenye eTrex fungua mgongo, toa betri mbili za AA, utaona kijumba cha chuma cha kadi ya microSD. Kifuniko chake hutelezeshwa kwanza, ndipo huinuliwa. Ukikilazimisha kitavunjika, na kadi itakuwa inacheza kila ukitembea.

Hatua ya 2: Andaa kadi

Kadi ya GB 8 inatosha nchi nzima na ziada. Usivuke GB 32, kwa sababu kadi kubwa kuliko hapo kwa kawaida huja katika mfumo wa kuhifadhi mafaili uitwao exFAT, na GPS hizi zinataka ule wa FAT32. Ukiifomati kwenye kompyuta, chagua FAT32 mwenyewe, usiiachie kompyuta ikuchagulie.

Jambo la kadi bandia nalisisitiza. Mitaani zimejaa kadi zilizoandikwa GB 32 ambazo ndani yake ni GB 4 au pungufu. Unanakili ramani, kompyuta inasema tayari, halafu msituni GPS inaganda au inajizima kila ukisogeza ramani upande fulani. Kwenye Windows kuna programu ya bure iitwayo H2testw. Huijaza kadi yote kisha huisoma tena, na hapo udanganyifu wowote huonekana. Inachukua muda, hata saa nzima au zaidi, lakini mimi siingii porini na kadi ambayo haijapita hapo.

Hatua ya 3: Pakua ramani

Karibu ramani zote za bure za Garmin zimejengwa juu ya OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambao watu wa kujitolea huchora humo barabara, njia, mito na majina ya mahali. Kwa upande wa Tanzania kazi iliongezeka kuanzia 2015, pale Ramani Huria ilipoanza kuchora mitaa ya Dar es Salaam inayokumbwa na mafuriko, na Crowd2Map ikaanza kuchora vijiji. Nazitaja kwa sababu vijiji vingi utakavyoviona kwenye skrini yako vimo kutokana na jasho la watu wa namna hiyo.

Kontua zenyewe zina asili nyingine kabisa, nitaifikia mbele kidogo.

Natumia vyanzo viwili. Cha kwanza ni garmin.opentopomap.org. Chagua Afrika, kisha nchi. Utakuta faili la ramani na faili la kontua, kila moja peke yake, yote yakiishia na .img. Pakua yote mawili. Wengi hupakua la kwanza tu, kisha hulalamika kwamba mlima hauonekani.

Cha pili ni extract.bbbike.org. Hapo unachora mstatili kuzunguka eneo unalolitaka, unachagua aina ya ramani ya Garmin, unaandika baruapepe yako, na baada ya muda unaletewa kiungo cha kupakulia. Nakipenda kwa safari moja mahususi. Ukichora kuanzia Mombo hadi Mtae, faili linakuwa dogo na GPS inachora ramani upesi.

Ramani ya nchi nzima huweza kufika mamia ya megabaiti, hivyo subiri bando la usiku au mtandao wa ofisini. Ukimaliza, angalia ukubwa wa faili kabla ya kitu kingine. Faili la nchi lenye kilobaiti chache si ramani. Ni ukurasa wa hitilafu uliohifadhiwa kwa jina la ramani, au upakuaji uliokatika. Lililokuja kwenye zip lifungue kwanza. GPS haisomi zip.

Hatua ya 4: Weka faili mahali pake

Kwenye kadi, tengeneza folda moja na uiite Garmin. Weka mafaili ya .img ndani yake, moja kwa moja, bila folda nyingine katikati. Kazi imeisha.

Majina ya mafaili yana maana. GPS za kizazi cha zamani, kama GPSMAP 60CSx, hutambua jina moja tu, gmapsupp.img, kwa hiyo faili huwa moja. Nilizozitaja juu husoma jina lolote mradi liishie na .img, na unaweza kuweka mafaili kadhaa pamoja. Yape majina utakayoyaelewa baada ya mwaka: tanzania_ramani.img, tanzania_kontua.img. Ukichukua ramani mbili BBBike, zote zinaweza kuja na jina la gmapsupp.img, na ya pili ikaifuta ya kwanza. Badilisha jina kabla ya kunakili.

Unaweza pia kuunganisha GPS na kompyuta kwa waya wa USB na kunakili humo humo, lakini ni polepole mno. Kadi ukiitia kwenye kisomea kadi mambo huenda haraka. Ukiamua kutumia waya, usiguse mafaili usiyoyajua ndani ya folda ya Garmin ya kifaa chenyewe. gmapbmap.img ni ramani ya msingi, gmaptz.img ni ya majira ya saa, na GarminDevice.xml ndicho kitambulisho cha kifaa. Nimeletewa GPS za watu waliofuta haya ili kupata nafasi.

Huna kompyuta? Simu ya Android inatosha. Pakua faili kwa simu, chomeka kisomea kadi kwa waya wa OTG (unaounganisha simu na vifaa vya USB), tengeneza folda ya Garmin kwa programu ya mafaili, nakili. Simu yenye nafasi yake ya kadi ni rahisi zaidi, ila ikikuuliza kama kadi iwe sehemu ya kumbukumbu ya ndani, kataa. Ukikubali itafumbwa kwa namna ambayo GPS haitaweza kuisoma. Vijana wawili ninaotembea nao waliweka ramani zao kwa njia hii bila kugusa kompyuta hata mara moja.

Hatua ya 5: Iwashe na uichague

Menyu ya kifaa ni ya Kiingereza, kwa hiyo nayataja maneno kama utakavyoyaona. Fungua Setup, kisha Map. Ndani yake kuna sehemu inayoitwa Map Information, na kwenye vifaa vipya Configure Maps. Utaona orodha ya ramani zote. Washa ramani na kontua zake. Zima nyingine zinazofunika eneo hilohilo, maana ramani mbili zikipandana, moja huificha nyingine nawe hutajua unasoma ipi.

Rudi kwenye ukurasa wa ramani, vuta karibu mpaka skeli isome mita mia chache. Kontua hazitokei ukiwa mbali. Zikikataa hata karibu, rudi kwenye mipangilio ya ramani uongeze kiwango cha undani.

Hatua ya 6: Mfumo wa nambari za mahali (datum), palipopoteza wengi

Ramani imekaa, imependeza, lakini bado unaweza kupotea kwa sababu ya mpangilio mmoja. Fungua Setup, kisha Position Format. Ramani ulizopakua zinatumia WGS 84, mfumo wa nambari za mahali ambao GPS yenyewe huutumia. Ramani za karatasi za Tanzania na Kenya za 1:50,000, zile za kijani na kahawia zilizoning'inizwa kwenye ofisi za misitu na ardhi, zimechorwa kwa mfumo mwingine, wa zamani, uitwao Arc 1960. Nambari zilezile zikisomwa kwa mfumo mmoja na kutumiwa kwa mwingine hukupeleka mita zipatazo 300 kutoka pale unapopataka, zaidi kwa upande wa kaskazini au kusini.

Mita 300 kwenye tambarare ya Mkomazi si kitu. Usambara ni ng'ambo nyingine ya bonde. Miaka ya nyuma nilipewa orodha ya vituo vya kuhesabia miti, imechapwa vizuri, bila neno hata moja kuhusu mfumo. Tulishuka, tukavuka mto, tukapanda upande wa pili kwa panga kwa muda wa saa mbili, tukakuta shamba la mahindi. Kituo kilikuwa kule tulikotoka. Tangu siku hiyo, mtu akinipa nambari za mahali, swali langu la kwanza ni zimetoka kwenye ramani gani.

Kwa hiyo: kwa kazi za kawaida acha WGS 84. Ukiwa na nambari ulizozisoma kwenye ramani ya karatasi, badilisha Map Datum iwe Arc 1960, ingiza pointi zote, kisha rudisha WGS 84. Kifaa kitazigeuza chenyewe. Ukitumia UTM, namna ya kuandika mahali kwa mita badala ya digrii, Usambara na Kilimanjaro ziko kanda ya 37, na Garmin itaandika 37M. Herufi M si kosa. Ndiyo alama ya ukanda wa kutoka ikweta hadi latitudo 8 kusini. Ukivuka hapo kwenda kusini itageuka L.

Hatua ya 7: Ijaribu mjini

Usiingie msituni na ramani uliyoiweka jana usiku bila kuijaribu. Tafuta Lushoto kwenye kifaa. Inapaswa kuwa karibu na S 4°47', E 38°17'. Kisha simama kwenye makutano ya barabara unayoyafahamu na uangalie kama mshale umekaa juu ya makutano hayo. Mita tano, kumi, ni kawaida. Ukiwa mbali kwa mamia ya mita, rudi hatua ya 6.

Mimi hupeleka kila kifaa kipya Irente. Pale genge linakatika ghafla kuelekea tambarare ya Mazinde, na kontua kwenye skrini zinapaswa kubanana hadi kuwa kama ukuta. Simama pale, tazama bonde, tazama skrini. Mtu akishaona genge lenyewe na mistari yake kwa wakati mmoja, huhitaji kumfundisha kontua tena.

Mambo ambayo mistari haisemi

Kontua za ramani nyingi za bure zinatokana na vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga za juu Endeavour mwezi Februari 2000, kwa siku 11. Kipimo kimoja huwakilisha kipande cha ardhi cha mita 30 hivi. Mwamba mwembamba au korongo la mita 15 linaweza kumezwa lote, na ramani ikakuonyesha mteremko wa taratibu mahali ambapo mguu hauna pa kukanyaga.

Tena, rada ile haikupenya vizuri majani mazito. Ndani ya msitu kama wa Magamba, urefu uliopimwa uko karibu na vilele vya miti kuliko udongo. Ukitoka msituni kuingia mashambani, ramani inaweza kuonyesha kishuko ambacho ardhini hakipo. Usishangae, na usikitumie kukadiria mwendo.

Njia za miguu nazo zina tabia yake. Iliyochorwa mwaka fulani inaweza kuwa imeota magugu, au kijiji kimeihamisha baada ya maporomoko ya mvua. Nikifika kijiji cha mwisho kabla ya msitu, huwa namwonyesha mzee mmoja skrini na kumuuliza kama njia ile bado inapitika. Mara nyingi hunionyesha nyingine, fupi, isiyo kwenye ramani yoyote.

Njia hiyo irekodi. Acha kifaa kihifadhi mwendo wako, na ukirudi fungua akaunti ya OpenStreetMap uichore, pamoja na jina ambalo wenyeji wanaliita lile korongo au ile chemchemi. Andika kama wanavyolitamka wao. Ramani za Garmin hutengenezwa upya kutoka humo, hivyo ukipakua tena baada ya muda, njia yako itakuwa imo.

Ukipakua mpya, usifute ya zamani papo hapo. Iondoe kwenye kadi, iweke pembeni kwenye kompyuta au simu, uende safari moja na mpya. Na betri: beba jozi mbili za akiba, zifunge kwenye mfuko wa nailoni.