Somo: Kukuza tishu za mpunga maabarani, kutoka mbegu hadi mche

Wanachama, tutatumia Basmati 370, pishori ya Mwea, kwa kuwa hapa Nairobi haisumbui kupata. Lakini mjiandae: maabarani basmati ni kaidi kuliko mpunga wa japonika, ule wa punje fupi.

Hatua ya 1. Koboa mpunga kwa mkono bila kuvunja kiinitete, yaani mmea mchanga ulio ndani ya mbegu, maana tishu zote zitachipuka hapo. Mchele wa dukani haufai, mashine imeshakiondoa. Tumbukiza mbegu kwenye ethanoli ya asilimia 70 kwa dakika moja, kisha hipokloraiti ya sodiamu (kemikali iliyomo kwenye jiki) kwa dakika 20 hadi 30 ukitikisa. Suuza mara tano kwa maji yaliyotakaswa.

Hatua ya 2. Andaa chakula cha tishu: chumvi za MS (mchanganyiko wa madini wa Murashige na Skoog), na kwa kila lita sukari gramu 30 na homoni ya 2,4-D miligramu 2. Rekebisha pH iwe 5.8, ndipo utie agari ya kugandisha, gramu 8.

Sasa otoklevu, chungu cha mvuke cha kuua vijidudu kwenye chakula, na hapa naomba msikilize sana. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Geji ya presha hupima tofauti na hewa ya nje tu, kwa hiyo ikisoma pauni 15 kwa inchi ya mraba kama vitabu vinavyosema, ndani joto halijafika nyuzi 121. Fuata kipimajoto, si geji! Ukifika 121, hesabu dakika 20. Ukungu mwingi tunaolaumu mbegu huanzia hapa.

Hatua ya 3. Panda mbegu kwenye chakula ndani ya kabati la hewa safi, uweke gizani kwa nyuzi 25 hadi 28. Mwezi wa Julai chumba cha kawaida hakitoshi, tumia inkubeta, kabati linalodhibiti joto. Baada ya wiki tatu au nne utaona kalasi, yaani donge la seli zisizo na umbo.

Hatua ya 4. Chagua kalasi zilizo kavu, ngumu kiasi, zenye vinundu na rangi ya maziwa au njano hafifu. Za majimaji tupa bila huruma.

Hatua ya 5. Zihamishie kwenye chakula kisicho na 2,4-D, chenye homoni za kinetini na NAA kidogo, mwangani saa 16 kwa siku. Madoa ya kijani ndiyo machipukizi. Mizizi itaota kwenye chakula chenye nusu ya chumvi za MS. Kisha zoesha miche hewa ya nje polepole chini ya plastiki.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, kalasi zangu zinageuka kahawia. Nifanyeje?
Hiyo ni fenoli, kemikali inayotolewa na seli zenyewe, dada. Kata sehemu yenye afya, ihamishie kwenye chakula kipya kila wiki mbili.

Hii kazi inamsaidia mkulima kweli?
Sana. NERICA, yaani "mpunga mpya kwa Afrika", ilizaliwa kwa kuchavushanisha mpunga wa Asia na wa Afrika. Viinitete vya machotara viliokolewa maabarani.

Miche yote itafanana na mama?
Si lazima. Kalasi ikikaa muda mrefu kwenye 2,4-D, mabadiliko ya urithi huongezeka na uwezo wa kuchipua hupungua. Itumie ikiwa changa.