Chora mgongano wa gesi katikati ya galaksi kwa manila, uzi na pini

Katikati ya Agosti, saa tatu usiku, ukiwa Mwanza, lipe ziwa mgongo utazame kusini, upande wa Misungwi. Chagua usiku usio na mwezi. Wavuvi wa dagaa nao huupenda usiku huo, na taa zao zitakuumiza macho ukielekea majini. Juu kusini, kati ya Nge na Mshale, ndipo kitovu cha galaksi yetu, miaka ya nuru 26,000 hivi kutoka hapa. Gesi yenyewe hutaiona, kwa hiyo wanafunzi wangu wa fizikia huichora.

Tandaza manila. Kwa pini mbili na uzi chora duaradufu ya sentimita 40 kwa 14, na juu yake nyingine ya 18 kwa 8, ikiikata ile ya kwanza kimsalaba. Vipimo si sawia na vya angani. Tunachotafuta ni umbo. Nyota za katikati zimejipanga katika umbo la upau, na mvutano wake huilazimisha gesi ya nje ipite njia ndefu inayoufuata upau, ya ndani ipite njia fupi iliyokaa kimsalaba.

Weka mishale, yote ikizunguka upande mmoja. Kisha kaa kwenye zile sehemu nne mistari inapokatana, usiziharakishe. Nyota zingepishana hapo bila kugusana, maana nafasi kati yake ni kubwa mno. Gesi haipishani. Watu wa ziwani wanalijua hili: usiku pepo za nchi kavu zikikutana juu ya maji, hewa haina pa kwenda ila juu, na radi hufuata. Angani gesi hubanwa, hupata joto, hupoteza mwendo wa kuzunguka na kuporomoka kuelekea ndani.

Sasa weka alama ya sisi tulipo, ukiuinamisha upau nyuzi 30 hivi kutoka mstari wetu wa kutazama. Piga rula hadi kwenye makutano. Mishale miwili ya hapo itakupa kasi mbili tofauti katika mstari mmoja, na hicho ndicho darubini za redio hukiona. Kaboni monoksaidi hutoa mawimbi ya megahezi 115,271. Yakipungua kwa 38, gesi inatukimbia kwa takriban kilomita 100 kwa sekunde. Wape wanafunzi wakokotoe wenyewe.

Kasi mbili peke yake hazitoshi, kwani wingu moja laweza kuwa nyuma ya lingine. Tafuta pia silikoni monoksaidi: mgongano huibandua silikoni kutoka kwenye chembe za vumbi.

Usiwaambie kwamba kila mgongano huzaa nyota. Wingu la gesi la Sagittarius B2 linazaa kwa wingi, lakini wingu liitwalo Tofali, lenye gesi yenye uzito wa kama Jua 100,000, karibu halina nyota changa. Waandike yote mawili pembeni ya mchoro.